Siku ya Kichwa Wazi

Mlima wenyewe hauna jina, na msinisumbue kuniuliza. Walioishi chini yake waliuita Mlima, basi, kama mtu anavyomwita mama yake mama. Una pande mbili, upande wa huku na upande wa kule, na katikati, juu kabisa ambako hata nyasi zimekata tamaa, kuna pito jembamba liitwalo Kizingiti. Kwenye Kizingiti kuna kibaraza cha mawe, kirefu cha kukaa watu tisa. Nimesema cha kukaa watu, lakini tangu kijengwe hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Ni kibaraza cha mizigo.

Kazi ya mizigo ilikuwa hivi. Wapagazi tisa wa huku walipanda siku tatu, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Wakifika wanaitua juu ya kibaraza, kila mtu mahali pake, halafu wanageuka, wanakipa kibaraza mgongo, wanahesabu hatua kumi, wanasimama, na kiongozi wao anapuliza baragumu. Hapo wapagazi tisa wa kule, waliokuwa wamejibanza kwenye ukungu wa upande wao, wanakuja, wanatua ya kwao, wanabeba ya huku, wanageuka, nao wanapuliza la kwao. Ndipo wa huku wanarudi kibarazani, wanajitwisha ya kule, wanashuka nayo nyumbani. Nani alikuwa anavuka, basi? Mizigo. Watu walikuwa wanaishia katikati. Hakuna wa huku aliyewahi kumwona wa kule, kwa sababu ilisemwa, na waliosema walikuwa wakubwa wa pande zote mbili, kwamba ukiuona uso wa mtu wa ng'ambo, wako unapotea. Unarudi nyumbani mbele ya kichwa pakiwa laini kama yai, na mbwa wako mwenyewe anakubwekea.

Kilichomo ndani ya mizigo hakuna mpagazi aliyekijua. Kufungua fundo la mzigo lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi na kufukuzwa kijiji kwa pamoja. Mzigo ukifika chini, watu wa ghala waliupokea, wakafunga mlango, na kilichofuata kilikuwa chao. Mpagazi alijua uzito tu. Tena aliujua vizuri.

Nsia Ndelilio alikuwa mpagazi wa nafasi ya tano, ile ya katikati kabisa, ambapo jiwe la kibaraza limebonyea kidogo kwa kupokea mizigo. Miaka thelathini na mmoja. Mwanamke mfupi mwenye shingo ya kuheshimika, mjane wa siku nyingi, mcheshi akiwa ameshiba na mkali akiwa na njaa. Sasa hapa inaingia ngata. Ngata, kwa asiyewahi kubeba kitu kichwani, ni ile pete ya majani au kitambaa ambayo mtu huiweka utosini ili mzigo usimtoboe. Sheria ya Mlima ilikuwa kwamba ngata haiachani na mzigo wake. Unaacha mzigo, unaacha na ngata yako. Unapokea mzigo, unapokea na ngata ya mwenzio. Na kwa kuwa mwenzio ameivua kichwani sasa hivi, inakuja na joto lake.

Hebu fikiria hilo. Miaka thelathini na mmoja Nsia alivaa utosini joto la mtu asiyemjua. Ngata za nafasi ya tano ya kule zilikuwa za nyasi ngumu za mlimani, zimefungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, na fundo lake lilikuwa la mkono mmoja ule ule: ukanda umepita mara mbili, kisha mkia wake umefichwa ndani usionekane. Mtu mwenye haya, Nsia aliwaza mwaka wa kwanza. Mtu nadhifu, aliwaza mwaka wa sita. Mwaka wa kumi na moja fundo lilikuja limelegea safari tatu mfululizo, naye akajua kwamba mtu huyo amefiwa, akalia njia nzima ya kushuka bila kumwambia yeyote analia nini. Safari iliyofuata aliifunga ngata yake ya majani makavu ya mgomba kwa kipande cha kanga yake nzuri, ile nyekundu ya sikukuu. Safari ya baada ya hapo fundo la ng'ambo likarudi limekazwa. Kama hayo si mazungumzo, basi mimi sijui mazungumzo ni nini.

Mpagazi anapostaafu, Mlima unampa zawadi moja, nayo inaitwa Siku ya Kichwa Wazi. Jina ni siku, lakini ni safari nzima. Anapanda kama mgeni, kichwani hana kitu, amesindikizwa na wenzake wawili, anatembea kwa kutaka tu, kama wanavyotembea watu waliokuja kuangalia milima. Na akifika kibarazani, akitaka, anaruhusiwa kuvuka. Ni yeye peke yake, mara hiyo moja. Kichwa chenye mzigo hakivuki. Kichwa wazi kinavuka. Wastaafu wote waliowahi kupanda walirudi jioni ya siku ya tano wakiwa huku huku. Ukiwauliza, huyu anasema upepo, huyu magoti. Mmoja wao, siku aliyolewa mbege, alisema, "Nilisahau." Watu wakamcheka mpaka wakamsahau na yeye.

Nsia alitaka kuvuka. Hilo ndilo lilikuwa shauri lake, wala hakuna lingine. Alitaka kumwona mwenye fundo kabla mmoja wao hajafa, na akishindwa safari hii hapandi tena maisha yake yote.

Waliomsindikiza walikuwa Eliringia, kiongozi wa wapagazi na mpiga baragumu, mtu mrefu anayependa maneno, na Haikaeli, binti wa kaka yake, aliyekuwa anakwenda kurithi nafasi ya tano.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nsia hakuweza kutembea. Yeye, aliyepanda njia ile akiwa na mimba, akiwa na homa, akiwa amefumba macho kwa ajili ya vumbi, leo hana hata kijiko kichwani na anapepesuka kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Shingo ilikaza kusubiri kitu kisichokuja. Mkono wa kulia ulipanda wenyewe kushikilia hewa. Kila walipopita chini ya tawi alikunja magoti ili kuunusuru mzigo ambao haupo. Kwenye kijito cha msituni, ambacho ng'ombe vilema wanakivuka, alianguka akakaa majini.

"Dada, mbona unayumba?" Eliringia alimuuliza kutoka ng'ambo ya kijito.

"Siyumbi. Njia ndiyo inayoyumba."

"Njia hii hii?"

"Ilikuwa haijawahi kuniona hivi. Imeshtuka."

Haikaeli alimvuta mkono akamtoa. Alikuwa anacheka huku amejiuma mdomo, kwa heshima. Nsia alimwona akamwambia, "Cheka tu mwanangu, usije ukavimba," naye akaangua kicheko, na Nsia mwenyewe akacheka maji yakimchuruzika. Lakini moyoni alikuwa na hofu. Kichwa kilikuwa chepesi kupita kiasi. Alihisi akipiga chafya kitapaa.

Msitu ulipokwisha, mahali ambapo miti inakuwa mifupi yenye ndevu za kijivu, alisema anakwenda haja. Akakawia. Aliporudi alikuwa na gunia kichwani, limefungwa kwa kamba, limekaa juu ya ngata mbichi aliyoisuka hapo hapo kwa majani na kipande cha kanga. Alikuwa anatembea vizuri ajabu. Mabega yameshuka, kiuno kinajua kazi yake, uso umetulia.

"Dada Nsia," Eliringia alisema polepole, "hicho ni nini?"

"Mawe."

"Ya nini?"

"Ya kunishikilia chini."

Eliringia alikuna kidevu. Sheria ilisema kichwa wazi, na yeye alikuwa mtu wa sheria, maana bila sheria mpiga baragumu ni mtu anayepuliza pembe tu. "Lakini kichwa wazi, dada."

"Cha kuvuka ndicho kiwe wazi. Cha kupandia haijasemwa."

"Ukifika kibarazani utayatua."

"Nitayatua, nitapita juu ya kibaraza, nitakwenda zangu. Wewe unaniona mimi ni mtu wa kusahau?"

Wakaendelea. Nami nawaambia, hakuna mwanamke aliyewahi kubeba mawe kwa furaha namna ile. Aliimba. Aliwasimulia habari za wapagazi wa zamani, nani aliogopa chura, nani alipendwa na nani. Usiku ulipoingia walilala, kwa kuwa watu waliotembea hulala, na hakuna la kusimulia hapo.

Siku ya pili ndiyo siku ambayo kwenye Mlima miaka huchanganyika. Kila mpagazi anaijua. Ni uwanda mpana wa mchanga mweusi na ukungu, kuna miti minene yenye vichwa vya majani kama kabichi, na ukiwa hapo huwezi kusema una umri gani, maana umri ni kitu cha chini, cha mahali penye majirani. Nsia alikwenda akiwaza, na mawazo yake hayakuwa na mpangilio, yalikuwa yanakuja na hatua.

Nani anavuka. Mzigo unavuka. Mimi nimepanda njia hii mara nyingi kuliko nilivyopanda kitanda changu, na sijavuka. Mguu wangu umefika hatua moja kutoka upande wa yule mtu. Hatua moja, mara mia ngapi. Nikageuka. Nani aliyegeuka? Si mimi. Mimi nilikuwa nataka kubaki. Basi aliyegeuka ni nani, na alipata wapi miguu yangu? Walisema uso utapotea. Je, uso usioonwa na anayekuja kuuona, huo upo? Mume wangu aliuona, Mungu amrehemu, akauzoea. Mawe haya. Nimeyaokota mwenyewe. Hakuna mkubwa aliyenituma. Mbona ni matamu hivi.

Akiwa katikati ya hayo, mtu alitokea kwenye ukungu akishuka. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mzigo kichwani, chini ya mzigo ngata ya nyasi yenye ukanda wa ngozi. Alikuwa anatembea haraka, macho chini, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mzigo wako umelala kushoto." Akanyoosha mkono akausogeza kwa vidole viwili, kitaalamu, na Nsia akaona kwenye kidole kimoja kovu la uji wa moto. Alilijua kovu hilo. Alikuwa nalo yeye mwenyewe.

"Umefika juu?" Nsia aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Nimefika."

"Umemwona?"

Binti alicheka. "Nani, mama? Kule hakuna kuonana." Halafu akasita, akagusa ngata yake kidogo kwa ncha ya kidole, mahali penye fundo. "Pengine mwakani," akasema, akashika njia.

Nsia alisimama akimtazama anavyokwenda. Alitegemea atasikia uchungu, na hakusikia. Alichosikia ni furaha, tena ya ghafla, kwa sababu binti yule alikuwa mzuri, na Nsia aliishi miaka yote ile bila mtu kumwambia. Akapaza sauti ndani ya ukungu, "We binti! Wewe ni mzuri, unasikia?" Binti hakugeuka, lakini shingo yake ilinyooka. Ndipo Nsia alipokumbuka: zamani, akishuka, kuna kikongwe mwenye gunia aliwahi kumpigia kelele maneno hayo hayo, naye akasema moyoni, maskini, huyu amerukwa na akili.

Aliwauliza wenzake kama wamemwona mtu. Haikaeli alisema amemwona mtoto mchanga amelala kwenye nyasi, anatabasamu, na kwamba yeye hataki kulizungumza. Eliringia alisema amemwona ng'ombe wake aliyekufa mwaka wa njaa, amenenepa, wamesalimiana.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda lakini halijaonekana kwa sababu ya ukungu, walifika Kizingiti. Upepo ulikuwa mwembamba na baridi. Kibaraza kilikuwa pale pale, cheusi, kimelowa umande. Ng'ambo yake, hatua moja tu, njia iliendelea kushuka kwenye upande wa kule, na upande wa kule ulikuwa na harufu ya majani mengine.

Basi sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda, maana hapa ndipo wastaafu wote waliposhindwa. Nsia alikwenda kwenye nafasi ya tano. Alikunja magoti, akalitua gunia lake la mawe kwenye bonde la jiwe, akaweka ngata juu yake. Alijiambia, sasa. Na mwili wake, mwili mwaminifu uliofanya kazi miaka thelathini na mmoja bila kukosea hata mara moja, ukageuka, ukakipa kibaraza mgongo, ukahesabu hatua kumi, ukasimama. Eliringia na Haikaeli walikuwa tayari wamesimama hivyo hivyo, mmoja kulia kwake, mmoja kushoto. Eliringia alitoa baragumu begani akapuliza.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu.

Kutoka ng'ambo zikaja hatua. Kitu kikatuliwa. Kitu kikabebwa. Baragumu la kule likalia. Nsia akageuka, akaenda kibarazani, akakuta mzigo, akachukua ngata, akaivaa. Ilikuwa ya moto. Akajitwisha. Wakaanza kushuka kurudi nyumbani, wote watatu, kwa mwendo mzuri, huku Eliringia akieleza jinsi ya kumtibu kuku mwenye mafua.

Walikuwa wameshateremka hatua kama mia na arobaini pale Haikaeli aliposema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka ndoto, "Shangazi, hivi sisi hatukuja kuvuka?"

Nsia alisimama. Nimeona watu wakisimama kwa namna nyingi, lakini sijaona mtu aliyesimama namna ile. Eliringia alinyamaza na kuku wake.

"Nimesahau," Nsia alisema. Halafu tena, "Nimesahau." Akakumbuka mzee wa mbege na jinsi alivyomcheka pamoja na wengine, akaona haya mpaka masikio yakamuwaka.

"Dada," Eliringia alisema, na safari hii hakuwa na utani, "umeshabeba. Sheria ni kwamba aliyebeba anashuka. Siku yako imekwisha. Nisamehe. Mimi ndiye niliyepuliza."

Nsia alikuwa anasikiliza shingo yake. Shingo ya mpagazi hupima kuliko mizani ya ghalani, na shingo ilikuwa inamwambia kitu. Mizigo ya kule hukaa kimya. Huu ulikuwa unagongana ndani, ko, ko, kila alipopumua. Sauti hiyo aliijua, alitembea nayo siku mbili nzima. Akautua chini. Fundo lilikuwa lile lile, kamba imepita mara mbili, mkia umefichwa ndani.

"Dada, usifungue," Eliringia alisema.

Akafungua. Aliuvuta ule mkia uliofichwa, taratibu, kama mtu anavyomwamsha aliyelala, na mzigo ukafunguka. Ndani yake mlikuwa na mawe. Mawe mekundu, ya upande wa kule, yaliyookotwa njiani na mtu ambaye bila kitu kichwani anaanguka kwenye vijito.

Wote watatu waliyatazama. Haikaeli ndiye aliyeelewa wa kwanza, au pengine ndiye aliyethubutu kusema. "Na yeye amestaafu."

"Na yeye alikuja kuvuka," Nsia alisema.

"Na yeye amesahau," akasema Eliringia, akakaa chini, akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka.

Nsia hakuwa na nafasi ya kucheka. Mwenye fundo alikuwa anashuka upande wa pili sasa hivi na mawe yake kichwani, kila hatua inampeleka mbali, na hana Haikaeli wa kumuuliza swali. Hakumjua jina. Hata angelijua, hakuna sauti ya mtu iliyowahi kuvuka pale. Alimpokonya Eliringia baragumu akaanza kukimbia kupanda. Alikimbia mwanamke wa miaka sitini na moja, kichwa wazi, hana ngata wala jiwe, na shingo ikasahau kuyumba, kwa kuwa haikupewa muda wa kufikiri. Alifika kibarazani pumzi zimemwisha. Hakuwahi kupuliza baragumu maishani mwake. Alilitia mdomoni akapuliza pumzi iliyobaki, na sauti iliyotoka, niseme ukweli, ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama mbuzi aliyenasa kwenye ua. Akapuliza tena. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Halafu akasubiri. Akajikuta amegeuka tena, amekipa kibaraza mgongo. Safari hii alijiona. Alijishika mabega kwa mikono yake miwili, akajizungusha mwenyewe kama mtu anayezungusha mtungi, akaangalia upande wa kule.

Ukungu ulichukua muda wake. Kisha mtu akaja kutoka ndani yake, anapanda kinyumenyume, mgongo mbele, kwa heshima, na kichwani ana gunia lake Nsia.

"Samahani," mtu huyo alisema, bado amempa mgongo. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito kidogo, ya mtu asiyeongea sana. "Nimesikia baragumu linaomba msaada, nikawaacha wenzangu njiani. Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia."

"Mbona lilikuwa linalia?"

"Lilikuwa linakuita wewe."

Mgongo ulifikiri. "Mimi huku hakuna anayenijua."

"Nakujua. Mwaka wa kumi na moja ulifiwa."

Gunia lilitikisika kidogo kichwani, ko. "Mke wangu," alisema hatimaye. "Nikaletewa kitambaa chekundu. Ninacho mpaka leo. Huwa nakifua mwenyewe."

Nsia alifuta macho kwa kiganja. "Mimi naitwa Nsia," akasema. "Tua mzigo huo, ni mawe."

"Ni mawe?"

"Ni mawe. Na wewe umeniachia mawe. Tumebadilishana mawe, mwenzangu, tukashika njia kwenda nyumbani."

Mgongo ule ulianza kutikisika, na Nsia aliogopa kwamba analia, kumbe anacheka. Aliukunja, akalitua gunia kwenye kibaraza kwa mikono iliyopapasa nyuma, bila kuangalia. "Sironka," alisema. "Jina langu. Nilijiambia njia nzima, nikifika navuka, nikifika navuka."

"Geuka, Sironka."

"Nyuso zitapotea."

"Nina miaka sitini na moja. Uso huu ukipotea, hasara yake si kubwa."

Akageuka. Basi nyuso zikakutana. Kwa kitambo kidogo miaka ilichanganyika kama kwenye uwanda ule wa mchanga mweusi: Nsia aliona kijana mwenye haya, akaona mtu mzima aliyefiwa, akaona mzee ambaye bado hajafika, na kila mmoja wao alikuwa anamtazama yeye, na katika kutazamwa huko alijisikia binti mwenye kovu, na bibi harusi, na mpishi, na mpagazi, wote wamesimama kwenye viatu vyake. Kisha ukungu ukapumua na miaka ikarudi mahali pake. Alikuwa mwanamume wa kawaida mwenye masikio makubwa na meno yaliyopungua. Nsia alijigusa pua, akajigusa mdomo. Vyote vilikuwepo. Kusema kweli, ndiyo kwanza vilikuwepo.

"Kuna mzigo mmoja," Sironka alisema baada ya muda, kwa kuwa watu wakishaonana lazima waanzie mahali fulani, "una kiraka cha bluu pembeni. Nimeuleta hapa mara tisa."

"Nami nimeurudisha mara tisa."

Walitazamana. Walifikiri habari ya maghala mawili, ya milango inayofungwa, ya wakubwa wa pande zote mbili. Shingo mbili, miaka thelathini na mmoja. Lingeweza kuwa jambo la kulia, na huenda siku moja wapagazi wote wa Mlima watalikalia kikao. Lakini wakati ule, pale juu, liliwachekesha. Walicheka mpaka Nsia akashindwa kusimama, na kwa kuwa hakuna kingine cha kukalia, alikaa kwenye kibaraza.

Eliringia na Haikaeli walikuwa wamefika, wamesimama mbali kidogo. Eliringia aliona mtu amekaa kwenye kibaraza cha mizigo, akakuna kidevu.

Sironka naye alikaa, upande wake, nafasi ya tano. Lile bonde la jiwe lilikuwa la kutosha watu wawili wakibanana. Yeye miguu yake ilikuwa upande wa kule, Nsia yake upande wa huku.

"Nilitaka kuona kwenu," Sironka alisema.

"Nami kwenu."

"Basi tuvuke."

Nsia aliinua miguu yote miwili, akaizungusha juu ya jiwe, akaishusha ng'ambo. Hivyo tu. Siku tatu za kupanda na miaka thelathini na mmoja, na kuvuka kwenyewe ni kama kugeuka kitandani. Udongo wa kule ulikuwa mwekundu na laini chini ya kisigino. Aliukanyaga, akaukanyaga tena. Alitaka kumwonyesha Sironka, akageuza kichwa, akaona kisogo chake, kwa maana Sironka naye alikuwa ameizungusha miguu yake, ameishusha upande wa huku, anautazama mchanga mweusi kwa mshangao.

Walikuwa wamepeana migongo tena.

"Sasa nitakuonaje?" Sironka aliuliza.

"Subiri," Nsia alisema. "Usigeuke kwanza."

Akajisogeza nyuma taratibu, shingo ikiwa wazi, mpaka alipomfikia, akamwegemea kwa uzito wake wote. Naye akamwegemea. Mgongo wake ulikuwa na joto lile lile la ngata, ila safari hii halikupoa.